Kimya cha siku 60 kisibomoe Nairobi

Ukipita Kenyatta Avenue utaliona jumba la Kipande House, lililojengwa 1913. Leo ni benki. Enzi za mkoloni, wanaume Waafrika walienda pale kuandikishwa na kupewa kipande, cheti ambacho walilazimika kutembea nacho kila mahali. Jumba hilo linalindwa na sheria kwa sababu lilitangazwa turathi.

Na yale ambayo hayajatangazwa je? Kumbe orodha hiyo haiandikwi City Hall. Chini ya sheria ya 2006, waziri ndiye hutangaza jengo kuwa turathi katika gazeti rasmi la serikali, na wenye pingamizi hupewa miezi miwili.

Plani za ujenzi nazo ziko kwa kaunti, na huko saa inakimbia. Sheria ya 2019 inasema aliyeomba ruhusa asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ahesabiwe amekubaliwa. Yaani afisa akikalia faili tu, ghorofa imepita! Kwa anayeongeza chumba nyuma ya nyumba, sawa. Lakini kwa jumba la miaka mia?

Siku hizo zisianze kuhesabiwa hadi Makavazi ya Kitaifa yatoe kauli kuhusu kila jengo kongwe linalotakiwa kuvunjwa, liwe kwenye orodha au la.

Nanyi vijana, msingoje kuposti picha za vifusi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwenye mradi autangazie umma na kualika pingamizi. Ukiona tangazo mtaani, lisome, kisha uiandikie kaunti kabla mabati hayajazungushwa.