Vitate, Bomu na Saa 48

Wapo wanaoshikilia kuwa mahali pa mwanalugha katika hakathoni, yaani mashindano ambamo vikundi vidogo huunda programu kwa siku moja au mbili, ni mwishoni: wahandisi wakimaliza kazi, yeye aitwe atafsiri maneno yaliyo kwenye kioo. Kauli hii haina mashiko. La kusikitisha ni kwamba wanalugha wenyewe wameikubali, wakaridhika kuitwa nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa.

Mchezo uitwao Keep Talking and Nobody Explodes ni ushahidi tosha. Ulizaliwa Januari 2014 mjini Ottawa, Kanada, katika Global Game Jam, hafla iliyowapa washiriki saa 48 kubuni mchezo wa tarakilishi. Kikundi kilikuwa cha watu watatu. Kuunda mchezo wa wachezaji wengi kwa muda huo ni mtihani mgumu, kwani kila tarakilishi sharti ijue papo hapo yanayotendeka katika nyingine. Mtandao ukichelewa kidogo tu, mchezaji humwona mwenzake mahali alipokwisha kuondoka. Watatu hao walilikwepa tatizo hilo kwa werevu. Tarakilishi ni moja. Mchezaji mmoja analiona bomu. Wenzake wana kijitabu cha kulitegua, ila bomu lenyewe hawalioni. Kinachowaunganisha ni mazungumzo tu, huku saa ikiyoyoma.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Sehemu moja ya bomu ina alama zisizo na majina, nao wachezaji hulazimika kuzibunia: huyu aseme "buibui", yule aulize buibui gani. Sehemu nyingine imejaa maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawa lakini kuandikwa tofauti. Mfasiri hawezi kuyahamisha neno kwa neno, kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi. Atafanyaje? Atageukia vitate: karamu na kalamu, dhamini na thamini, kura na kula. Mwenye kujua jinsi lugha za kwanza za Wakenya zinavyoathiri /l/ na /r/ ana hazina ambayo mhandisi hana. (Kumbe vile vitate vinavyowachosha wanafunzi wa shule vingeweza kulipua bomu!)

Isitoshe, mchezo wa kupashana habari nusunusu si mgeni kwetu. Katika kitendawili, mtegaji anajua, mteguaji hajui, na akishindwa hudaiwa mji. Kanuni ipo, ushindani upo, hata malipo yapo.

Kuhusu ngeli, mambo ni magumu zaidi. Mhandisi aliyezoea Kiingereza huandika ujumbe mmoja wenye pengo la kujazwa jina lolote la kifaa. Kwa Kiswahili, kisu kimevunjika, jiwe limevunjika, mikuki imevunjika. Programu isiyohifadhi ngeli ya kila jina tangu mwanzo hutoa sentensi za kuchekesha, na kuirekebisha usiku wa pili huweza kudai kufumua kazi nzima.

Kwa hivyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili havina budi kuacha kungoja mialiko. Global Game Jam hufanyika kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Januari, na haidai mshiriki awe mhandisi. Kikundi cha watu wanne kina nafasi ya mtu mmoja aliyesoma fonolojia, mradi aketi mezani usiku wa kwanza, kabla mstari wowote wa programu haujaandikwa.