Tasnifu ianze kabla ya darasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu kuhusu maandalizi ya masomo ya uzamili, ambayo mimi mwalimu natarajia kuyaanza mwaka huu.

Tangu nipate barua ya kukubaliwa, kila mtu ananiuliza habari za ada. Ni kweli ada ni mzigo, maana wengi wetu tunajilipia. Lakini wenzangu kadhaa waliotangulia walilipa ada, wakafaulu mitihani, kisha wakakwama kwenye tasnifu.

Sababu ni kwamba mada hutafutwa baada ya masomo ya darasani kwisha. Ndipo mtu aandike pendekezo, asubiri msimamizi alisome, kisha apeleke barua ya chuo mkoani, wilayani, hadi shuleni au kijijini. Ruhusa ya mwajiri inakwisha, naye anarudi kazini mikono mitupu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende Chuo Kikuu. Utaratibu ule ulikwisha, ila funzo lake lingali hai. Mwalimu anayejiuliza kwa nini watoto wa darasa lake hawajui kusoma, tayari ana swali la utafiti. Aende nalo chuoni siku ya kwanza.

Nashauri vyuo vitume orodha ya wasimamizi na fani zao pamoja na barua za kukubaliwa, na waajiri wahesabu muda wa utafiti wanapotoa ruhusa. Tasnifu isiyomalizika ni hasara kwa mwanafunzi na kwa taifa.

Mwalimu,
Morogoro.