RANGE LA MSIMU MMOJA: MABOSI WA KOROSHO MNAMDANGANYA NANI?

Kila msimu ni muvi ileile. Hela ya mnada ikiingia tu, pale Chiungutwa linatokea Range Rover jeusi, vioo tinted, mziki mpaka Masasi mjini wanasikia. Picha status, kapsheni "Mungu ni mwema". Ikifika masika gari limelala chini ya mwembe, limekaa kama kuku anayeatamia. Mwenyewe yuko kwenye bodaboda, anasema anasubiri spea toka Dar.

Spea gani? Gari la 2005 au 2006 lile. Halina springi za chuma, linanyanyuliwa na mipira ya upepo. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa, upepo unavuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Ongeza vumbi jekundu la huku. Discovery 3 nayo ni hivyohivyo, na usipobadili mkanda wa taimingi kwa wakati, injini nzima kwaheri. Fundi wa kijijini ni mzuri sana kwa Noah na toyo, ila huyu mnyama anataka kompyuta ya kumpima, na kwa huku hiyo kompyuta mpaka uitafute. Kuliburuza Dar ni zaidi ya kilomita 500.

Halafu watu wanasema "nimelipata kwa bei ya kutupa". Hujajiuliza kwa nini linatupwa? Hata TRA wanajua, gari likizidi miaka 8 linapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 15, likizidi 10 ni 30. Mwenzio Masaki kalikimbia, wewe unalipokea kwa ngoma.

Inayouma siyo gari. Hela ile ndiyo ilitakiwa imlipe kibarua wa palizi, inunue petroli ya mashine ya kupulizia salfa kabla ubwiri unga haujala maua. Korosho hazipuliziwi kwa picha za Instagram. Na bei yenyewe haina adabu: Oktoba 2024 mnadani ilivuka 4,000 kwa kilo, lakini wakubwa wanakumbuka 2018, serikali ilitangaza 3,300 na kuna waliongoja malipo mpaka mwaka uliofuata. Mwaka kama ule Range unalilisha nini? Mke anaulizwa ada ya mtoto sekondari, anaoneshwa funguo.

Mtasema wivu. Sawa. Mbona hakuna anayemsema mzee mwenye Land Cruiser mkonga? Limechubuka, halina AC, linapanda mlima wa Newala na magunia juu, na likiharibika anatengeneza na spana ya jirani. Hilo ndilo gari la bosi, basi tu halipendezi kwenye picha.

Mwenye Range lililomaliza misimu mitatu Chiungutwa bila kulala chini, aweke picha hapo kwenye komenti. Pamoja na risiti za fundi.