Abiria wa Sindano ya Mwezi
Safu ya Barazani, na Hatibu Mwinyimkuu

Mtu aliyepatwa na maradhi ya akili, akalazwa, akatibiwa na kuruhusiwa kurudi kwao, huwa hajaagana na tabibu. Hupewa kadi ya kliniki yenye tarehe, na tangu siku hiyo siha yake hutegemea dawa na nauli kwa pamoja. Wako wamezao vidonge kila siku, na wako wachomwao sindano ambayo nguvu yake hukaa mwilini majuma mawili hadi manne kisha ikapungua, na mwenye kuikosa huwa katika hatari ya kurejewa na madhila yote aliyokwisha kuyapa kisogo. Maadamu mambo ni hayo, kwa mgonjwa akaaye Chanika au Mbagala ambaye kliniki yake iko katika hospitali ya Muhimbili, daladala ni sehemu ya matibabu, na konda, apende asipende, ni msaidizi wa tabibu. Makonda wataniwia radhi kwa kuwatwisha cheo kisicho na mshahara.

Asubuhi moja, katika gari litokalo Gongo la Mboto, abiria wamesimama hadi mlangoni na muziki umefunguliwa kiasi cha kutikisa vioo, nilimwona konda akimfikia kijana aliyekaa dirishani na kumchezeshea sarafu sikioni, kama ilivyo ada yao wadaipo nauli. Kijana akatia mkono mfukoni, mkono ukatetemeka, sarafu zikamwagika chini ya viti. Akasimama, akakaa, akasimama tena. "We chizi, toa hela au shuka!" akasema konda, na abiria, wengi wao watu wazima waliovaa vizuri, wakaangua kicheko, na mmoja akaongeza kwamba gari la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, liko upande wa pili. Mama mmoja wa makamo hakucheka, aliinama, akaziokota sarafu, akamhesabia konda taratibu, kisha akauliza, "Mwanangu, unashuka wapi?" Kijana akajibu bila kubabaika, "Kariakoo, mama, nipande ya Muhimbili."

Laiti konda angalijua kwamba kutetemeka mikono, kuburura miguu, na ile hali ya mwili kukataa kutulia kitini, aghalabu ni athari za dawa zenyewe! Alama zile zile alizozifanya hoja ya kumfedhehesha yule kijana huenda zilikuwa dalili kwamba anatumia dawa zake kwa uaminifu, na kwamba safari ile alikuwa akizifuata nyingine.

Walakini si insafu kumbebesha konda taksiri yote. Yeye na dereva wake aghalabu hawana mkataba wa maandishi. Wanadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, na riziki yao ni kile kisaliacho baada ya hesabu hiyo na mafuta, hata kila dakika ipoteayo kituoni wanaiona ikitoka katika unga wa watoto wao. Mtu wa namna hiyo humwambii awe na subira, ukaenda zako. Mwenye gari anayepanga hesabu kubwa kiasi cha kumfanya konda amwone abiria mzito wa kusema kuwa ni hasara, naye ana sehemu yake katika tusi lile, ijapokuwa wakati lilipotamkwa alikuwa nyumbani akinywa chai.

Jamhuri yetu ya Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao wawahesabu pia wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu, na kifungu chake cha 9 chataja usafiri kwa jina. Sheria ya 2019 iliyounda LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, imeipa mamlaka hiyo kazi ya kusajili wahudumu wa magari ya abiria na kuthibitisha madereva. Basi kabla konda hajasajiliwa, na aulizwe atafanyaje abiria akishindwa kuhesabu nauli au akikosa utulivu. Na jibu lake liwe kwamba atapunguza muziki, atasema naye mwenyewe, si na aliyefuatana naye, kwa maneno machache yasiyo na ukali, hatamshika mwili pasipo idhini yake, na kituo chake kikikaribia atamwambia mapema.

Wako watakaouliza: je, akifanya fujo? Jioni ya mechi ya Simba na Yanga magari hubeba watu wapigao mabati na kutukana hadi Mbagala, na sijasikia wakiitwa wendawazimu. Kwa hiyo ustahimilivu tunao, ila tunachagua wa kumpa. Ikiwa kweli abiria amezidiwa, hata kuna hofu ya madhara, gari lisimame kituoni, si katikati ya barabara kuu. Atafutwe wa kumpokea, apigiwe simu jamaa yake ikiwa namba imo katika ile kadi ya kliniki, na nauli yake irudishwe mkononi mwake, kwani bado ana safari ya kumaliza.