Kisangani: Maumivu baada ya kupasuliwa hayatibiwi kwa neno "jikaze"

Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa akilalamika, huambiwa ajikaze, wengine wamepitia hayo hayo. Mwanaume aliyeshonwa jeraha huambiwa kwamba mwanaume halii. Maneno hayo yanajulikana sana, Kisangani kama kwingineko nchini. Lakini utafiti wa miaka ya karibuni unaonyesha kwamba miili ya watu hao wawili haipokei maumivu kwa njia moja, na sababu mojawapo ni homoni za jinsia.

Homoni hizo ni estrojeni na projesteroni, ambazo kwa mwanamke hutoka hasa kwenye ovari, na testosteroni, ambayo kwa mwanaume hutoka hasa kwenye korodani. Kila mtu anazo zote, ila kwa viwango tofauti. Zinapita katika damu na kufika kwenye neva, uti wa mgongo na ubongo, kule kule ambako habari za maumivu hupita. Mara nyingi testosteroni hupunguza maumivu. Estrojeni ina sura mbili: inaweza kuyatuliza au kuyaongeza, kufuatana na kiwango chake na jinsi kinavyopanda au kushuka.

Mimba na kidonda

Mfano ulio karibu zaidi na familia nyingi ni wa uzazi. Uchunguzi juu ya wanyama na wanawake wajawazito umeonyesha kwamba mimba ikikaribia mwisho, mwili huvumilia maumivu zaidi. Kondo la nyuma likishatoka, estrojeni na projesteroni hushuka sana ndani ya siku chache. Ndiyo kusema, mama aliyepasuliwa anaweza kupoteza msaada huo wakati kidonda chake bado kibichi.

Kupona nako kunahusika. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba vidonda vidogo vya ngozi vya wazee vilifunga haraka zaidi vilipopakwa estrojeni. Na mwanamke ambaye bado anapata hedhi akiondolewa ovari zote mbili, anaingia katika ukomo wa hedhi kwa ghafula: joto la mwili, jasho na kukosa usingizi. Asiyelala vizuri husikia maumivu zaidi.

Kwa nini mambo haya yamechelewa kujulikana? Mwaka 1977, Marekani ilishauri wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe katika majaribio ya kwanza ya dawa. Shauri hilo liliondolewa mwaka 1993 tu. Mwaka 2005, mtafiti Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha kwamba katika jarida moja kubwa la maumivu, asilimia 79 ya majaribio ya wanyama ya miaka 10 yalitumia madume peke yake.

Hatari ya neno jipya

Hata hivyo, tofauti hizi ni za wastani. Wanawake wawili wanaweza kutofautiana kuliko mwanamke na mwanaume. Aina ya upasuaji, hofu na maumivu ya zamani vina uzito pia. Hakuna daktari anayeweza kutoa dawa kwa kutazama jinsia tu. Itakuwa hasara ikiwa "jikaze" itabadilishwa na "ni homoni tu", halafu mgonjwa aachwe vile vile.

Kwa hospitali za jimbo la Tshopo, hatua ya kwanza haihitaji maabara ya homoni. Muuguzi anaweza kumuuliza kila mgonjwa, kwa saa zilizopangwa, maumivu yake ni mangapi kutoka 0 hadi 10, na kuandika jibu kwenye fishi pamoja na joto la mwili. Hatua ya pili ni kutoa dawa kwa saa zake, pasipo kungoja mgonjwa alie. Parasetamoli na ibuprofeni zikitolewa pamoja hupunguza haja ya dawa kali. Ila ibuprofeni haimfai kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au damu inayotoka sana lazima daktari amwangalie kwanza.

Dawa kali zenyewe ni adimu kwa maskini. Mwaka 2017, tume ya jarida la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Lakini jirani yetu Uganda iliruhusu tangu mwaka 2004 wauguzi waliofundishwa kuandika mofini ya kunywa, hasa kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Tramadoli inayonunuliwa barabarani haiwezi kuziba pengo hilo: inazoesha mwili, na dawa za jamii hiyo zikitumiwa muda mrefu hushusha testosteroni.

Gharama ya kupuuza inaonekana haraka. Mama mwenye maumivu makali hainuki kutembea, na damu inaweza kuganda miguuni. Kumnyonyesha mtoto nako kunakuwa kugumu. Aliyeshonwa kifua au tumbo, kama majeruhi wa mzozo wa Wambole na Walengola tangu 2023, akiogopa kuvuta pumzi kwa nguvu anaweza kupata nimonia. Na maumivu makali ya siku za kwanza huongeza hatari ya maumivu yanayodumu miezi mingi.

Mgonjwa wa Lubunga anayerudi nyumbani kwa kuvuka mto anahitaji kuondoka hospitalini akijua dawa gani anywe, saa ngapi, na dalili gani zimrudishe. Familia inayomngoja ina haki ya kuuliza hayo kabla ya kulipa fakitire.