Binti Akitaka Kucheza Mpira

Leo nina jambo linalozua ubishi katika nyumba nyingi za pwani yetu: binti kuvaa kaptura na kwenda uwanjani.

Baba husema mpira ni wa wavulana. Mama huuliza maji yatatekwa na nani. Mtoto akikatazwa mara tatu, hunyamaza, na hamu yake hufia moyoni.

Hebu basi tumtazame Esse Mbeyu Akida, binti wa Kilifi. Mbeyu kwa Kigiriama ni mbegu, nayo mbegu haioti isipopandwa. Mwaka 2001 chama cha Moving the Goalposts kilianzishwa hapo Kilifi, kikawapa wasichana mpira pamoja na mafunzo ya afya na haki zao. Mpira wa wasichana ukapata mahali pwani.

Akida alichezea Thika Queens, kisha timu ya taifa, Harambee Starlets. Mwaka 2016 Kenya iliingia kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Afrika la wanawake, nchini Kameruni. Tulipokutana na Ghana tulishindwa 3-1, lakini bao letu hilo moja lilitoka mguuni mwa Akida.

Baadaye mpira ukawa kazi. Doreen Nabwire alikuwa ametangulia kuifungua njia kwa kuchezea Werder Bremen ya Ujerumani. Akida naye alikwenda Israeli mwaka 2018, katika klabu ya Ramat HaSharon, kisha akachezea Besiktas ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki.

Wazazi, sisemi kila binti atapanda ndege. Wengi hawatapanda. Tena kazi ya mpira ni ya miaka michache, na goti likiumia huweza kwisha siku moja. Kwa hiyo shule asiiache. Nanyi mjueni mwalimu wake wa mpira, mjue saa ya kurudi nyumbani na wenzake wa njiani. Siku mkataba ukija, usomwe na mjuzi wa sheria kabla ya kutiwa sahihi.

Na maji je? Kaka yake pia ana mikono miwili. Mpeni ndoo.