Linz: Sanamu ya Maria akizaa inatuuliza nini?

Tarehe 1 Julai 2024, katika mji wa Linz, nchini Austria, watu wasiojulikana waliingia katika katedrali ya Wakatoliki wakakata kichwa cha sanamu. Kazi hiyo ya msanii Esther Strauss ilimwonyesha Maria akimzaa Yesu: ameketi, miguu imeachana, kichwa cha mtoto kinatokeza. Ilikuwa imewekwa hapo siku chache tu kabla, katika maonyesho ya miaka 100 tangu katedrali iwekwe wakfu. Maelfu ya watu walitia sahihi kutaka iondolewe. Wakuu wa jimbo walilaani uharibifu huo.

Strauss alieleza kwamba picha nyingi za Maria zilitengenezwa na wanaume. Yeye alitaka mwili wa mama uonekane katika saa ya kazi yake kubwa.

Tuwatendee haki waliopinga. Mapokeo ya Kikatoliki yanafundisha kwamba Maria alibaki bikira hata katika kuzaa, kwa hiyo sanamu iligusa imani yao. Tena kujifungua ni jambo la faragha. Hata kwetu wanaume hungoja nje, na kuna heshima katika hilo.

Lakini kupinga ni jambo moja, kushika msumeno ni jingine. Sisi Waprotestanti tusijivune: mwaka wa 1566, huko Uholanzi na Ubelgiji, wazee wetu wa imani walivunja sanamu nyingi makanisani. Kuvunja hakukumaliza mabishano.

Hatuhitaji sanamu ili kuabudu. Hata hivyo, swali linatuhusu. Luka hakuona haya kuandika kwamba siku za Maria za kuzaa zilitimia. Paulo naye anawaambia Wagalatia kwamba Mwana wa Mungu alizaliwa na mwanamke. Kama njia aliyopitia ni aibu kutajwa, basi tunaposema Neno alifanyika mwili tunasema nusu tu.

Na aibu hiyo ina bei. Huko Bukavu, hospitali ya Panzi, iliyo chini ya kanisa la CEPAC, inawatibu mama wenye fistula, wengine waliopata jeraha hilo katika uzazi mgumu. Fistula inatibika, lakini mgonjwa anayejificha hafiki kwa daktari. Wengine wanajificha wakiwa washirika wetu, kwenye benchi la nyuma, au wameacha kabisa kuja ibadani.

Kila Desemba tunahubiri juu ya hori. Je, mwaka huu tutathubutu kusema pia juu ya uchungu wa mama, na kuwaambia wenye jeraha hilo kwamba mwili wao si najisi?